Zoezi la Utayari Ofisini na Kumbukumbu za Pensheni: Mambo ya Kufahamu kwa Mtumishi wa Halmashauri ya Jiji

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

King'ora cha tahadhari kinapolia katika jengo la ofisi za halmashauri ya jiji, sekunde za mwanzo aghalabu hupotea katika kuulizana. Mmoja anauliza kama ni zoezi au ni kweli. Mwingine anamalizia kuandika sentensi kwenye kompyuta. Wa tatu anatafuta funguo za gari. Na katika ofisi nyingi yupo mtumishi mmoja, mara nyingi aliyebakiza miaka michache kustaafu, ambaye badala ya kuelekea kwenye ngazi huelekea kwenye kabati la chuma lililo nyuma ya meza yake. Ndani ya kabati hilo kuna bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kuna barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, barua za uhamisho na hati za mshahara za miaka mingi.

Wataalamu wa usalama humwona mtumishi huyo kuwa mkaidi. Ukweli ni kwamba ana hoja. Amefundishwa na uzoefu kwamba siku ya kudai mafao, asiye na karatasi hupata taabu. Makala hii inaeleza kwa nini hofu hiyo imejengeka, kwa nini isiwe sababu ya mtu kubaki ndani ya jengo linalowaka, na nini kifanyike mapema ili bahasha ile isiwe kitu pekee kinachobeba miaka 30 ya utumishi.

Hofu ya bahasha ilikotoka

Hadi katikati ya mwaka 1999, mtumishi wa Serikali Kuu hakuwa akichangia pensheni. Serikali ilimlipa alipostaafu kutoka katika fedha za umma, na uthibitisho wa haki yake ulikuwa jalada lake binafsi lililotunzwa masijala. Sheria ya Mafao ya Kustaafu katika Utumishi wa Umma Na. 2 ya Mwaka 1999 ilibadili utaratibu huo na kuanzisha mfuko wa kuchangia uliojulikana kama PSPF. Watumishi waliokuwa kazini wakati huo waliingia katika mfuko mpya wakiwa na miaka ya nyuma ambayo haikuwa na mchango hata shilingi moja, lakini ambayo ilipaswa kuhesabiwa katika mafao yao. Miaka hiyo ndiyo iliyozaa deni kubwa la Serikali kwa mfuko, deni ambalo sehemu yake, Sh trilioni 2.17, ilishughulikiwa kwa hatifungani maalumu mwishoni mwa mwaka 2021.

Kwa mtumishi mmoja mmoja, jambo hilo lina sura nyepesi zaidi. Aliyeajiriwa mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 24 bado yupo kazini leo. Miaka yake miwili ya mwanzo haipo katika kumbukumbu za michango, ipo katika barua ya kuajiriwa. Barua hiyo ikipotea, na jalada la masijala likawa na upungufu, mtu huyo ana kazi ya kufanya.

Katika jengo moja la halmashauri, hali ilikuwa na mchanganyiko zaidi. Mwalimu na muuguzi wangeweza kuwa wanachama wa PSPF, mhasibu aliyeajiriwa na halmashauri akawa LAPF, na mtaalamu aliyehamia kutoka shirika la umma akaja na kumbukumbu zake za PPF. Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma Na. 2 ya Mwaka 2018 iliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti, 2018. NSSF ikabaki kuhudumia sekta binafsi na isiyo rasmi. Kuunganisha mifuko minne ni pamoja na kuunganisha mifumo minne ya kumbukumbu, yenye namba tofauti za uanachama na, kwa baadhi ya wanachama, majina yaliyoandikwa kwa namna tofauti. Anayeitwa kwa majina matatu katika barua ya ajira, mawili katika hati ya mshahara na mengine katika kitambulisho cha Taifa anajua usumbufu unaozungumzwa hapa.

Kisha likaja suala la kikokotoo, ambalo limechangia kuliko jambo lingine lolote kuunda mtazamo wa watumishi kuhusu pensheni.

Hesabu ambayo kila mtumishi anapaswa kuifanya mwenyewe

Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri huchangia asilimia 15, jumla asilimia 20. Kustaafu kwa hiari huanza miaka 55 na kwa lazima, kwa walio wengi, ni miaka 60. Ili kupata pensheni ya kila mwezi, mwanachama anatakiwa awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Kabla ya mabadiliko, waliokuwa PSPF na LAPF walikokotolewa kwa 1/540, wakapewa nusu ya pensheni yao kwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 15.5, na nusu iliyobaki wakalipwa kila mwezi. Waliokuwa PPF na NSSF walikokotolewa kwa 1/580 na kupewa asilimia 25 kwa mkupuo. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka wote wafuate utaratibu wa asilimia 25. Malalamiko yalikuwa makubwa, na tarehe 28 Desemba, 2018 Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Magufuli, alisitisha matumizi ya kikokotoo hicho na kuagiza watumishi waendelee na utaratibu wa zamani katika kipindi cha mpito. Baada ya majadiliano yaliyohusisha vyama vya wafanyakazi na waajiri, kikokotoo kipya kilianza Julai 2022: 1/580 kwa wote, mkupuo wa asilimia 33, kizidisho cha 12.5, na wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho ya utumishi. Katika hotuba ya Bajeti ya Juni 2024, Serikali ilitangaza kuongeza mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 25.

Asilimia hizo husikika kirahisi lakini ni vigumu kuzishika bila mfano. Tuchukue mtumishi mwenye miezi 360 ya utumishi, sawa na miaka 30, na mshahara wa kukokotolea wa Sh 1,200,000 kwa mwezi, yaani Sh 14,400,000 kwa mwaka. Kwa 1/580, pensheni yake kamili kwa mwaka ni takribani Sh 8,937,900. Kwa mkupuo wa asilimia 33 angepokea karibu Sh milioni 36.87 siku ya kustaafu, na kiasi cha Sh 499,000 kila mwezi. Kwa asilimia 40, mkupuo unapanda hadi karibu Sh milioni 44.69 na malipo ya mwezi yanashuka hadi karibu Sh 446,900. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF, kama mshahara wa kukokotolea ungekuwa huohuo, mkupuo ungekuwa Sh milioni 74.4 na pensheni ya mwezi Sh 400,000.

Mtumishi anayelalamika kwamba mkupuo umepungua hajakosea hesabu. Umepungua, na sehemu kubwa ya upungufu huo haifidiwi na nyongeza ya pensheni ya mwezi. Hoja ya upande wa pili ni kwamba mfuko unaolipa zaidi ya uwezo wa michango yake huishia kuchelewesha malipo ya wote, na kwamba haikuwa haki kwa watumishi wawili wa umma wenye mshahara na miaka sawa kustaafu kwa viwango tofauti kwa sababu tu ya jina la mfuko walioandikishwa. Hoja zote mbili zinasimama. Msomaji ana uhuru wa kuzipima.

Kati ya asilimia 33 na 40, hata hivyo, mlinganyo ni mwepesi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Nyongeza ya mkupuo katika mfano wetu ni takribani Sh milioni 7.82, na punguzo la malipo ya mwezi ni kama Sh 52,100. Ukigawanya unapata miezi 150, sawa na miaka 12 na nusu. Anayestaafu akiwa na miaka 60 na kuishi zaidi ya miaka 72 na nusu atakuwa amepokea jumla kubwa zaidi kwa utaratibu wa asilimia 33, na anayefariki kabla ya hapo atakuwa amepokea zaidi kwa asilimia 40. Hakuna ajuaye yuko upande gani, na ndiyo maana mjadala huu hauishi katika vyumba vya chai.

Lakini ipo hesabu nyingine ambayo huzungumzwa kidogo, ingawa inagusa mfuko wa mtumishi bila kusubiri uamuzi wa Bunge wala Wizara. Tuseme kati ya miezi 360 ya mtumishi huyohuyo, miezi 12 haionekani katika kumbukumbu, labda kwa sababu alihamishwa na michango ya kipindi hicho haikuunganishwa na namba yake. Kwa utaratibu wa asilimia 40, mwaka huo mmoja unampunguzia karibu Sh 1,490,000 katika mkupuo na karibu Sh 14,900 katika kila mwezi wa maisha yake ya ustaafu. Kwa maneno mengine, kila mwezi mmoja unaopotea una thamani ya Sh 124,000 za mkupuo. Wapo watumishi wanaoweza kueleza historia nzima ya kikokotoo tangu 2018 lakini hawajawahi kuangalia taarifa ya michango yao wenyewe.

Kwa nini usirudi

Turudi kwenye jengo letu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya Mwaka 2003 inamtaka mwajiri, Serikali ikiwemo, kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Ukaguzi wa majengo kwa ajili ya kinga na tahadhari za moto uko chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa Sheria Na. 14 ya Mwaka 2007. Jeshi hilo pia hutoa elimu na kushirikiana na taasisi kuendesha mazoezi ya utayari.

Katika moto wa jengo la ofisi, moshi huua watu wengi kuliko miali. Ofisi ya kisasa imejaa mazulia, viti vya sponji, nyaya na plastiki, na vitu hivyo vikiungua hutoa hewa yenye sumu ambayo mtu akiivuta kwa muda mfupi hupoteza mwelekeo, kisha fahamu. Moshi wa moto hupanda kwanza kwenye dari na kushuka taratibu, ndiyo maana anayetoka hushauriwa kuinama au kutambaa. Mtumishi anayerudi chumbani kwa ajili ya bahasha hajui kwamba korido aliyopita dakika mbili zilizopita si ileile atakayoikuta anapotoka.

Zoezi la utayari lipo ili maamuzi ya namna hiyo yafanywe siku ambayo hakuna moshi. Anayeshiriki kwa dhati hujifunza mambo ambayo bango la ukutani haliwezi kumfundisha: kwamba ngazi ya dharura upande wa nyuma inaishia kwenye mlango wenye kufuli, na kwamba mwenye ufunguo ni mlinzi ambaye zamu yake haijaanza. Hili la kufuli halipaswi kupitwa haraka. Ofisi nyingi za umma mijini zimewekewa mageti ya nondo kwenye korido na madirishani kwa sababu ya wizi, na milango ya nyuma hufungwa ili wageni wote wapite mapokezi. Nia ni njema. Lakini mlango wa dharura unaohitaji ufunguo si mlango wa dharura, na zoezi moja linalofanywa bila kuwafungulia watu mapema hulibaini hilo kuliko vikao vitatu.

Jingine linalobainika ni lifti. Watu waliozoea kupanda ghorofa ya tano kwa lifti kwa miaka mingi hawajui hata ngazi ziko wapi. Wakati wa moto lifti haitumiki, kwa kuwa umeme ukikatika inakuwa chumba kilichofungwa, na njia yake hupitisha moshi kama bomba. Mtumishi mwenye ulemavu wa viungo, mjamzito aliye karibu kujifungua au aliyetoka kufanyiwa upasuaji anapaswa kuwa na watu wawili waliopangiwa kumsaidia kushuka, wanaojua kuwa wamepangiwa. Kwa asiyesikia, king'ora hakina maana yoyote, hivyo lazima awepo wa kumshika bega.

Kila ghorofa huwa na msimamizi wa usalama wa moto. Kazi yake ni kukagua vyumba vya upande wake, vikiwemo vyoo, kufunga milango bila kuitia ufunguo, na kushuka akiwa wa mwisho. Mlango uliofungwa hupunguza kasi ya moto na moshi. Kabla ya kufungua mlango ambao upande wa pili hakuonekani, uguswe kwa mgongo wa kiganja, na ukiwa wa moto itafutwe njia nyingine. Mtungi wa kuzimia moto hutumiwa kwa moto mdogo unaoanza na kwa mtu mwenye njia ya kutokea nyuma yake. Moto wa nyaya au vifaa vya umeme haumwagiwi maji.

Chini, katika eneo la kukusanyika, ndipo zoezi linapofanikiwa au kushindwa. Watu wanapofika hapo huona kazi imekwisha na huanza kutawanyika kuelekea kwa mama lishe. Kumbe hapo ndipo hesabu inapoanza. Msimamizi anatakiwa aseme kwa uhakika kwamba wote wa ghorofa yake wametoka, au kwamba fulani hajaonekana na mara ya mwisho alikuwa chumba fulani. Taarifa hiyo ndiyo askari wa Zimamoto huomba kwanza wanapofika. Orodha ikiwa ya mwaka juzi, yenye jina la aliyehama na isiyo na jina la aliyehamia, askari anaweza kuingia katika moshi kumtafuta mtu aliye nyumbani kwake, au asiingie kumtafuta aliyebaki ndani.

Mwananchi aliyefika kupata huduma

Ofisi za halmashauri ya jiji hupokea wananchi wengi kila siku: wafanyabiashara wa leseni, wenye viwanja, wazazi, wakandarasi. Hawa hawamo katika orodha yoyote ya watumishi, na hawajawahi kushiriki zoezi. Daftari la wageni la mapokezi ndilo orodha yao pekee, na mara nyingi huachwa mezani watu wakikimbia. Mpokezi apangiwe kutoka nalo, lakini ikiwa tu liko mkononi mwake.

Kwa mwananchi mwenyewe, ushauri ni mfupi. Ukiingia jengo usilolijua, tazama alama ya kutokea kabla ya kukaa kwenye foleni. King'ora kikilia, fuata watumishi, usihofie nafasi yako katika foleni wala stakabadhi uliyoiacha kaunta. Malipo yaliyofanywa kwa namba ya kumbukumbu yamo katika mfumo wa Serikali na stakabadhi huweza kutolewa tena.

Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021 moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Kwa kuwa ulikuwa usiku, soko halikuwa na umati wa watu. Mali na kumbukumbu za wafanyabiashara ziliteketea, na wengi wao walilazimika kuanza kuthibitisha upya walikuwa na nini na walikuwa nani katika soko lile. Ni mfano wa soko, si wa ofisi, lakini unaonyesha jinsi karatasi iliyo mahali pamoja inavyokuwa dhamana dhaifu.

Mtumishi akiumia au akifariki

Watumishi wengi hudhani kuwa ajali kazini ni suala la PSSSF. Sivyo moja kwa moja. Aliyeumia au kuugua kutokana na kazi hulindwa kwanza na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria Na. 20 ya Mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na mtumishi hakatwi chochote. Mafao yake yanajumuisha matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Ili haki hiyo ipatikane, ajali inapaswa kutolewa taarifa mapema na kuandikwa. Mtumishi aliyeteguka mguu kwenye ngazi akitoka kazini na kwenda moja kwa moja nyumbani bila kumweleza mtu yeyote anajijengea ugumu wa baadaye.

PSSSF, kwa upande wake, hulipa pia mafao ya ulemavu na mafao ya warithi kwa masharti yake. Hapa kumbukumbu zinarudi tena, safari hii si za mtumishi bali za familia yake. Mwenza aliyeandikwa mwaka 2004 na ambaye ndoa yao ilivunjika 2010, mtoto aliyezaliwa 2016 ambaye hakuwahi kuongezwa, jina la mama lililoandikwa kwa kukosea: haya yote hugeuka kuwa safari za wafiwa kati ya mahakama, ofisi ya mwajiri na ofisi ya Mfuko.

Kuitoa bahasha katika kabati

Mtumishi hashauriwi kuitupa bahasha yake. Anashauriwa kuhakikisha kwamba kilichomo ndani yake kipo pia mahali pengine, ili king'ora kikilia asiwe na sababu ya kugeuka.

Mahali pa kwanza ni katika mfumo wa Mfuko. PSSSF imehamishia huduma zake nyingi katika mtandao, na mwanachama anaweza kuona taarifa za michango yake kupitia simu janja au kompyuta bila kusafiri. Wastaafu nao wanaweza kujihakiki kwa simu badala ya kupanga foleni. Mwanachama anayefungua taarifa yake aangalie mambo yafuatayo kabla ya jumla ya fedha: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, mpangilio wa majina kulinganisha na kitambulisho cha Taifa, na mwendelezo wa miezi. Aitazame kwa makini zaidi miezi ya mwaka aliohama kituo, mwaka aliokwenda masomoni na mwaka alioazimwa taasisi nyingine. Mapengo aghalabu hujificha hapo. Yakionekana, hatua ya kwanza ni kwa Afisa Utumishi wake akiwa na hati za mshahara za kipindi husika, kwani hati hizo huonyesha makato yaliyofanyika.

Mahali pa pili ni jalada binafsi lililoko masijala. Mtumishi ana haki ya kujua kama jalada lake limekamilika, na mtunza kumbukumbu mzuri hufurahi kuulizwa. Kwa mwajiri, masijala ni chumba kinachohitaji kinga kuliko chumba cha mikutano. Ni karatasi tupu kutoka sakafuni hadi darini, mara nyingi kikiwa na waya mmoja wa kugawia umeme unaohudumia feni, birika la chai na mashine ya kunakili. Birika litoke humo. Kifaa cha kutambua moshi kiwekwe, rafu zisizibe mlango, na majalada ya watumishi yachanganuliwe kielektroniki kwa kuanza na waliobakiza miaka mitano au pungufu, kwa kuwa hao ndio hawatapata muda wa kutafuta barua zilizopotea.

Mahali pa tatu ni nyumbani. Nakala zilizothibitishwa za barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho na cheti cha kuzaliwa zikae kwenye nyumba tofauti na ofisi, na mwenza au mtoto mkubwa ajue zilipo. Picha za nyaraka katika simu ni msaada, lakini simu hiyo yenyewe huachwa mezani king'ora kinapolia, kwa hiyo picha zisiishie humo tu.

Halmashauri zinazopanga zoezi lijalo zinaweza kuunganisha mambo haya bila gharama. Siku ya zoezi, watu wote wakiwa wamekusanyika nje na orodha ikiwa mkononi mwa msimamizi, Afisa Utumishi ana hadhira ambayo hataipata katika mkutano mwingine wowote. Dakika 10 zinatosha kueleza namna ya kuangalia taarifa za michango, na orodha ileile inayosahihishwa kwa ajili ya Zimamoto inaweza kulinganishwa na orodha ya watumishi waliopo katika mfumo wa mishahara.

Taarifa ya moto au dharura inayohitaji uokoaji hutolewa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa kupiga simu namba 114, bila malipo. Anayepiga ataje mtaa, jina la jengo, alama iliyo karibu, ghorofa yenye moto na kama kuna watu waliobaki ndani, na asikate simu hadi aambiwe.